Ujumbe Mmoja, Wasikilizaji Wengi

Tuseme mwalimu wa matamshi yuko kampasi kuu, na madarasa 30 ya tawi moja la mbali yanamsikiliza kupitia mtandao. Sauti yake ikihitaji kilobiti 64 kwa sekunde, kwa njia ya kawaida kompyuta yake itatuma nakala 30 za neno lile lile, yaani kilobiti 1,920 kila sekunde. Uganda ilipotegemea setilaiti, kabla ya nyaya za chini ya bahari kutua pwani ya Kenya mwaka 2009, mzigo kama huo ungeweza kuziba njia nzima ya chuo.

Ipo njia nyingine, ambayo hapa tutaiita utumaji kwa kundi. (Neno "utangazaji" halifai: tangazo humfikia kila mtu, atake asitake.) Mwalimu hutuma nakala moja tu kwa anwani ya kundi, mojawapo ya zile zinazoanzia 224.0.0.0 hadi 239.255.255.255. Kila kompyuta inayotaka kusikiliza huiarifu ruta iliyo karibu nayo kwamba imejiunga. Ruta nazo hupashana habari, na nakala hutolewa pale tu njia zinapogawanyika. Kwa hiyo kati ya kampasi kuu na tawi letu hupita kilobiti 64, wawe wasikilizaji 3 au 300. Tawi lisilo na msikilizaji halipelekewi chochote.

Utaratibu huu ulibuniwa na Steve Deering, na kanuni zake zikachapishwa mwaka 1989. Mwaka 1994 tamasha la Rolling Stones lilirushwa kwa njia hii.

Mbona basi haukuenea katika intaneti yote? Kila mwenye ruta njiani lazima akubali kuufanyia kazi, na wengi hawakuona faida yake kwao. Aidha, mtumaji hapokei hakikisho kwamba ujumbe umefika. Silabi moja ikipotea katika somo la kusikiliza, mwanafunzi bado ataelewa. Faili la mtihani likipotea kipande, limeharibika, isipokuwa iwepo programu ya ziada ya kukirudisha.

Ndiyo maana leo utumaji kwa kundi hustawi zaidi ndani ya mitandao yenye mwenyewe mmoja, kama ile ya kampuni za televisheni za waya. Mtandao wa chuo ni wa aina hiyo hiyo. Fundi wa mtandao wa chuo chako ndiye wa kuuliza kama ruta zake zimeruhusiwa kuutumia. Nyingi zina uwezo huo tayari.