Mvuvi na Upepo wa Kusi

Miezi ya Juni na Julai hapa kwetu Oloipiri, wilayani Ngorongoro, watoto huja chuoni asubuhi wamejifunika shuka mpaka masikioni. Mmoja wao alituuliza: "Maalim, na wavuvi wa pwani nao hupata baridi?" Swali hilo latufaa sote, kwani mla samaki wa bara mara nyingi haijui taabu ya mvuvi.

Tulimjibu kwamba baridi yetu na taabu yao huletwa na upepo mmoja. Miezi hiyo jua huwa upande wa kaskazini, bara la Asia hupata joto, na upepo huvutwa kutoka kusini mwa Bahari ya Hindi. Huo ndio kusi, uvumao tangu Aprili hata Septemba hivi. Maji ya pwani yetu, ambayo mwezi wa Machi hukaribia digrii 30 za joto, hushuka kufika 25 hivi. Mvuvi wa Norway angeyaona maji hayo kuwa ya moto. Wala mvuvi wetu haogopi ubaridi wake, bali aogopa mawimbi. Na mkondo wa bahari uendao kaskazini nao huzidi nguvu, ukachukua chombo na nyavu.

Basi mvuvi mwenye hekima hubadili desturi yake. Jodari wa nje ya mwamba huwaachia miezi ya kaskazi, bahari itulizanapo. Yeye hubaki ndani ya mwamba, akatega madema kwa ajili ya changu na tasi, na kuyatia mawe yasichukuliwe na maji. Hutoka alfajiri kabla upepo haujashika, na tanga hulipunguza. Kadhalika huuangalia mwezi: siku za bamvua, unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huenda kwa nguvu, siku za maji mafu mshipi hutulia chini. Na upepo ukikataa kabisa, hushona nyavu na kukikalafati chombo chake. Hiyo nayo ni kazi.

Lakini watoto nyumbani hawali subira. Hapo ndipo mtihani ulipo. Mmoja hutoka kwa ushupavu, asirudi. Mwingine hukokota nyavu za matundu madogo juu ya matumbawe, au hutupa baruti, jambo lililokatazwa na sheria, akaua vifaranga ambao mwakani wangekuwa chakula cha wanawe. Wa kwanza ameitupa roho yake. Wa pili ameitupa riziki ya jirani zake wote.

Kusi si la kufanyiwa mzaha. Tarehe 18 Julai 2012 meli ya abiria MV Skagit ilipinduka katika bahari iliyochafuka karibu na kisiwa cha Chumbe, na watu wengi wakafa. Ikiwa meli yapinduka, ngalawa itasemaje? Siku hizi Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza khabari za upepo mkali na mawimbi. Kuzisikiliza si upungufu wa imani. Mchungaji wa huku kwetu hafungui zizi usiku simba akinguruma, kisha akasema ametawakali.

Enyi vijana, riziki yatoka kwa Mwenyezi Mungu, na roho ni amana Yake. Ajuaye siku ya kutotoka, huyo ndiye mvuvi hodari.