Viini vya wodini vinavyowaandama watoto wachanga

Katika baridi ya Nyeri na Nanyuki, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hulazwa hospitalini apate joto na oksijeni. Huko huko aweza kuambukizwa maradhi ambayo hakuja nayo.

Katika utafiti wa hospitali ya Kilifi, Pwani, kati ya 2002 na 2009, asilimia 53 ya watoto walioambukizwa bakteria katika damu wakiwa wamelazwa walifariki. Mojawapo ya bakteria hizo ni Klebsiella, sugu kwa dawa nyingi.

Hukaa penye majimaji: sinki, mipira ya kupumulia, hata chupa ya dawa inayochangiwa. Mikono huisambaza, hasa muuguzi mmoja anapohudumia watoto wengi na mfereji umekauka. Lawama si zake pekee.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtoto alazwe kifuani pa mamaye, ngozi kwa ngozi. Hupata joto, na maambukizi hupungua.