Niambie ruti yako, suka

Ukikaa na wana wa kijiweni pale stendi ya Nyegezi, Mwanza, kuna kesi moja haijawahi kuisha: suka wa wapi anazingua kuliko wote Kanda ya Ziwa? Atatajwa Mkurya wa Tarime, atatajwa Mhaya wa Bukoba, halafu yule braza wa Dar aliyekuja Krismasi na Crown ya kuazima. Kila mtu ana ushahidi wake, na kila mtu anaapa. Utani huu naupenda kinoma, na ukweli ndani yake upo. Ila kabila tunalisingizia. Suka anafundishwa na barabara aliyokulia, pamoja na hesabu anayodaiwa jioni.

Anza na mji wenyewe. Mwanza imebanwa, huku milima ya mawe, huku ziwa, kwa hiyo njia za maana za kutokea mjini ni tatu tu. Kenyatta inakupeleka Mkuyuni, Butimba, Nyegezi hadi Buhongwa. Nyerere inapita Mabatini, Buzuruga na Igoma mpaka Kisesa. Makongoro inakwenda Kirumba, Pasiansi hadi uwanja wa ndege. Vichochoro vipo, lakini vingi vinakupandisha mlimani, havikutoi. Foleni ikikaza Mkuyuni, imekaza. Suka wa Hiace ana vichwa vya kula, bosi anasubiri hesabu yake kamili, mafuta juu yake, konda juu yake. Akiwa deiwaka ndiyo kabisa, maana kesho gari anaweza kupewa mwingine. Atatanua kushoto, atachomekea kulia, na konda amening'inia mlangoni anaomba msamaha kwa mkono: "Tusamehe mzee, tupo kazini."

Hapo nawaelewa. Nisichowaelewa ni kukatisha ruti. Gari imeandikwa Kisesa, ikifika Igoma konda anagonga bati, "Mwisho hapa, shukeni mpande ya nyuma!" Mama katoka Mwaloni Kirumba na ndoo yake ya dagaa, kakaa wanne wanne njia nzima, halafu anatoa nauli upya kwa safari aliyokwisha kuilipia. Hiyo ni dhuluma, wana, na tunapoicheka kijiweni tunaipa nguvu.

Sasa twende kwa boda wa mlimani, huyo nina heshima naye. Nenda Bugarika au Isamilo umwangalie anavyopanda. Nyumba zimekaa juu ya mawe, njia ni kokoto tupu, upande mmoja mwamba na upande wa pili bati la jirani. Mwana anakwambia, "Sogea mbele braza, nibane kabisa," kwa sababu ukikaa nyuma sana tairi la mbele linanyanyuka. Anatia gia ya kwanza, anainama mpaka kidevu kinakaribia mita, na mkono hauachii mafuta hata kidogo. Ukisimama katikati ya mlima ule, huondoki tena. Akitokea mwenzake anayeshuka, inapigwa honi moja fupi na wa kushuka anabana kwenye jiwe. Anayepanda ndiye mwenye njia. Sheria hiyo mlimani kila boda anaiheshimu. Kushuka ni mtihani mwingine: wapo wanaozima injini ili kubana mafuta, pikipiki inateleza kimya, mguu kwenye breki, na watoto wanaocheza njiani wanaruka pembeni wakisikia mnyororo tu.

Suka wa namna hiyo, aliyejifunza kwamba kusimama ni kuanguka, umshushe Mlango Mmoja saa kumi na mbili jioni. Atapita katikati ya Hiace mbili kama uzi kwenye tundu la sindano. Akikuta watu wanavuka kwenye zebra hapunguzi, akili yake bado iko mlimani. Mwanangu, zebra haina mlima. Simama watu wapite, utaondoka tu.

Kenta za sangara nazo zina lawama zisizo zao. Watu wanasema madereva wa samaki wamerukwa na akili, wanapita moto chini usiku na mchana. Fikiria kilichoko nyuma: barafu inayeyuka, samaki hangoji, na kiwandani mzigo ukishalegea bei inaanguka au unakataliwa. Ukiona Kenta inadondosha maji yenye harufu kwenye lami, mpishe kwanza, maswali baadaye. Lori la dagaa wakavu halina presha hiyo. Limejaza magunia mpaka angani, linapanda taratibu, na suka wake anakula muwa.

Utani wa makabila nao upewe nafasi yake. Mkurya, wanasema, gari lake halina rivasi. Wakikutana wawili kwenye daraja jembamba, nyinyi wa nyuma injikeni ugali kabisa. Mhaya hapigi honi, anashusha kioo na kukufafanulia kosa lako kwa utulivu wa mwalimu mkuu. Braza wa Dar anapiga honi kabla taa haijawa kijani. Suka wa Kenya akivuka Sirari na mzigo, wana wanamwita dere na wanamngoja aanze kulalamikia vibao vya 50, maana kijiji anakiona kimekwisha na kibao cha kumruhusu hakioni. Lakini usiku kwenye barabara ya Musoma wote hao ni ndugu: aliye upande wa pili akikuwashia taa mara mbili, tochi ya trafiki iko mbele, na hakuulizi kwenu wapi.

Utani mmoja naukataa kabisa, ule wa kwamba Msukuma anaendesha taratibu, eti anasimama katikati ya barabara kumwambia mjomba "mwangaluka" na kuulizia ng'ombe mmoja mmoja. Anayesema hivyo hajapanda mchomoko (gari dogo la abiria) wa kwenda Geita. Kwa miaka mingi suka wa njia ile alikuwa anafukuzana na kivuko cha Kigongo. Ukiachwa na MV Misungwi, unakaa foleni unaangalia maji, abiria wananuna, na hesabu imekufa. Kwa hiyo kuanzia Usagara ilikuwa kanyaga twende, kila mmoja awahi kamba ya mbele pale kivukoni. Wasukuma wa Misungwi na Sengerema ndio waliokulia kwenye mbio hizo.

Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia akazindua Daraja la JPM, kilomita 3 juu ya ziwa kutoka Kigongo hadi Busisi. Safari iliyokuwa inakula zaidi ya nusu saa majini, achilia mbali foleni, sasa ni dakika chache tu. Mbio zimebaki palepale. Michomoko inapita Usagara leo kwa moto uleule, wakati hakuna feri ya kuwahi, hakuna kamba, hakuna foleni. Oya suka wa Geita, daraja haliondoki! Punguza pale Usagara, kuna wamama wanauza nyanya pembezoni mwa lami.