Saa ya Goma na saa ya Kinshasa: namna ukurasa wa intaneti unavyobadilisha mipangilio yake

Chukua mfano huu. Redio moja inaweka tangazo kwenye ukurasa wake wa intaneti: barabara ya kutoka Sake kupitia Kilolirwe hadi Kitshanga haipitiki, watu wasubiri. Mtu wa pikipiki pale Burungu anapata rezo, anafungua telefone na kusoma. Chini ya tangazo kumeandikwa 14:10. Saa yake inaonyesha 16:20. Anajiambia: habari hii ina saa mbili na zaidi, pengine njia imekwisha kufunguliwa. Anapakia mzigo, anaondoka. Kumbe tangazo lina dakika kumi tu.

Kosa hapo si la mwandishi wa habari. Ni la mpangilio mmoja mdogo ndani ya programu inayotengeneza ukurasa. Mashine inayobeba tovuti ilikuwa ikihesabu kwa UTC, ile saa ya dunia yote, ambayo iko nyuma ya saa ya Kivu kwa saa mbili kamili. Na mpangilio huo unarekebishwa kwa mstari mmoja, bila kununua kitu na bila kuomba ruhusa. Ni vizuri vijana wanaotunza tovuti za redio, za mashule na za vituo vya afya wajue mstari huo unafanya nini na mwisho wake ni wapi.

Lugha inayohusika inaitwa PHP. Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, aliitoa kwa watu wote mwezi wa Juni 1995. Leo WordPress, ambayo inaendesha tovuti zaidi ya 4 katika kila 10 duniani, imeandikwa kwa PHP. Wikipedia pia, pamoja na ile ya Kiswahili.

PHP inasoma mipangilio yake katika faili moja linaloitwa php.ini. Humo ndimo kunaandikwa kumbukumbu kiasi gani ukurasa unaweza kutumia, sekunde ngapi unaweza kufanya kazi, faili la ukubwa gani linapokelewa, na saa ya wapi inafuatwa. Lakini redio ndogo haina seva yake. Inapanga nafasi kwenye seva iliyo Ulaya au Marekani, na humo imo pamoja na wapangaji wengine wengi. Mwenye nyumba hawezi kumruhusu mpangaji mmoja aguse php.ini, kwa sababu angebadilisha maisha ya wote.

Ndiyo maana kuna amri ya ini_set. Ukurasa wenyewe, wakati unafanya kazi, unasema: kwangu mimi, kwa sasa, tumia kiasi hiki. Kwa mfano, PHP bila kuelezwa kitu inaruhusu kumbukumbu ya mega 128. Ukurasa unaopanga orodha ndefu ya vipindi vya miaka yote unaweza kuomba 256:

ini_set('memory_limit', '256M');

Mabadiliko hayo yanaishi muda wa ukurasa huo mmoja tu. Msomaji akiisha kupata ukurasa wake, kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa, na msomaji anayefuata anaanza upya na php.ini ileile. Wengi wanateleza hapa: wanaandika amri kwenye faili moja, wanaona inafanya kazi, halafu wanashangaa kwamba ukurasa mwingine hausikii. Amri iwekwe kwenye faili ambalo kurasa zote zinalipitia kwanza. Tena ini_set haikai kimya. Ikikubaliwa inarudisha thamani ya zamani, ikikataliwa inarudisha false. Kuna wenye seva ambao wameifunga kabisa. Fundi mzuri anaangalia jibu, hasemi tu kwamba ameandika.

Sasa turudi kwenye saa, maana kwetu huku ndipo jambo lenyewe lilipo. Kongo ina saa mbili. Kinshasa na magharibi wanafuata UTC+1. Kivu zote mbili, Ituri, Maniema, Tshopo na upande wa Katanga wanafuata UTC+2. Habari za Kinshasa za 20:00 zinasikilizwa Goma ikiwa 21:00, na kila mtu amezoea. PHP pia inajua hivyo. Katika orodha yake ya majina ya saa, Kongo ina majina mawili: Africa/Kinshasa na Africa/Lubumbashi. Hakuna Africa/Goma wala Africa/Bukavu. Mtu wa Masisi anayetafuta nchi yake kwenye orodha anaona Kinshasa, anafikiri ndiyo hiyo, anaichagua, na tovuti inabaki nyuma saa moja. Jina letu ni la Lubumbashi, hata kama mji huo uko mbali sana na Masisi:

date_default_timezone_set('Africa/Lubumbashi');

Kuna mtego mwingine, na huu ni mgumu zaidi kuuona. Tovuti nyingine zinafuata saa ya Paris au ya Brussels, kwa sababu aliyezitengeneza alikuwa huko au alikopa mipangilio ya huko. Ulaya wanasogeza saa mbele mwisho wa mwezi wa tatu na kuirudisha mwisho wa mwezi wa kumi. Wakati wa kiangazi chao, saa ya Paris ni sawasawa na ya Goma. Fundi anaangalia mwezi wa saba, anaona kila kitu kiko sawa, anafunga kazi. Mwezi wa kumi ukiisha, matangazo yote yanaanza kurudi nyuma saa moja, na hakuna mtu aliyegusa kitu. Miezi mitano baadaye kosa linapotea lenyewe.

Kwa wale wa WordPress, mstari ule wa juu usitumike. WordPress inaiweka PHP kwenye UTC kwa makusudi, kisha inahesabu saa ya mahali yenyewe. Ukiilazimisha unaweza kuivuruga. Saa inabadilishwa ndani ya Réglages, sehemu ya Général, kwa kuchagua Lubumbashi.

Kuna mambo ambayo ini_set haiwezi. La kwanza ni ukubwa wa faili la kupandisha. PHP isipoelezwa kitu inapokea faili la mega 2 tu. Kipindi cha nusu saa katika mp3 ya kilobiti 64 kwa sekunde ni mega 14 hivi. Mtu anaandika ini_set kwa upload_max_filesize, na haibadiliki kitu. Sababu ni rahisi: PHP inapokea faili kwanza, ndipo inaanza kusoma mstari wa kwanza wa ukurasa. Amri inapofika, faili limekwisha kukataliwa. Na kwenye fomu ambazo mtu amejitengenezea, mara nyingi sauti yote inasafiri kwanza, mega za telefone zinaliwa, kisha ndiyo jibu la hapana linakuja.

Dawa yake ni faili dogo linaloitwa .user.ini, ambalo PHP inalisoma mbele ya ukurasa kuanza:

upload_max_filesize = 32M
post_max_size = 40M

Huo wa pili lazima uwe mkubwa kuliko wa kwanza, kwa sababu unabeba faili pamoja na maneno ya fomu. Iandikwe M peke yake, si MB. Na kuwe na uvumilivu: kwa kawaida PHP inalisoma faili hilo tena baada ya dakika 5, basi wengi wanafuta kazi nzuri kwa haraka tu. Pale ambapo PHP inaendeshwa ndani ya Apache yenyewe, .user.ini haisomwi, mambo hayo yanaandikwa kwenye.htaccess.

Jambo lingine ni display_errors, inayoonyesha makosa kwenye kioo. Wakati wa kutengeneza inasaidia. Kwenye tovuti ya redio iliyo wazi kwa watu wote izimwe, kwa sababu maneno ya kosa yanaweza kutaja majina ya mafaili na njia za ndani, na katika eneo kama letu si kila anayesoma ni rafiki. Makosa yaandikwe kwenye faili la pembeni, kwa log_errors. Na aliyetegemea ini_set kuyaonyesha ajue hili: kama faili lenyewe lina kosa la maandishi, PHP inakataa kulianza, na amri iliyomo ndani haisomwi hata kidogo.

Baada ya kurekebisha saa, weka tangazo la kujaribu na kulilinganisha na telefone. La kesho litakuwa sawa. Ila kwenye WordPress matangazo ya zamani yanabaki na saa zake za makosa mpaka mtu ayafungue moja kwa moja na kuyasahihisha kwa mkono.