Nani alikwambia umelegea?

Swali hunijia karibu kwa maneno yaleyale kila mara: "Daktari, tangu nijifungue mgongo na nyonga vinaniuma, nimeambiwa nimelegea. Nibane mara ngapi kwa siku?" Wengine wameshavuka hapo. Wanauliza shabu itumike kiasi gani, au mkaja wafunge mpaka lini. Wanaume nao wana lao. Kiuno kinawauma, kuna maumivu kati ya korodani na njia ya haja kubwa, wamekunywa dawa za ngiri chupa baada ya chupa, na sasa wamesikia kwamba mazoezi ya kubana ndiyo tiba.

Nimechoka kulijibu swali hili kwa namba, kwa sababu namba yoyote nitakayotoa itakuwa ya uongo. Hakuna aliyewapima watu hawa akakuta wamelegea. Wamehukumiwa tu. Na wengi ninaowapokea na maumivu ya namna hii, nikiwapima, nakuta kinyume chake: misuli ya sakafu ya nyonga imekaza na haijui tena kuachia.

Kwamba misuli hii imetandazwa kutoka kwenye kinena hadi kwenye kifandugu, ikibeba kibofu, kizazi na mwisho wa utumbo mpana, wengi mmeshasikia kliniki. Jambo ambalo hamkuambiwa liko pembeni. Sehemu kubwa ya sakafu hii imejishikiza kwenye utando wa msuli mwingine, uitwao obturata ya ndani. Msuli huo huanzia ndani ya fupanyonga, hutokea nyuma, hupinda na kwenda kushika juu ya mfupa wa paja. Kazi yake ni kuuzungusha mguu kwa nje na kusaidia kiungo cha nyonga kitulie. Kwa hiyo msuli wa nyonga na misuli ya sakafu ni majirani wa ukuta mmoja, na mmoja akikaza mwenzake huvutwa. Ndiyo maana mtu huonyesha kidole kwenye tako, au ndani ya kinena, au pale chini kabisa ya mgongo, huku picha ya eksirei haina kasoro yoyote. Wengine wanakuja na bahasha ya MRI iliyoandikwa kwamba diski imechomoza, wakiamini wamepata jibu. Diski zilizochomoza huonekana kwa takriban watu 30 kati ya 100 wenye umri wa miaka 20 ambao hawaumwi mgongo hata kidogo.

Tena sakafu hii haikai ikingoja kukohoa. Watafiti wa Australia walionyesha mwaka 2007 kwamba mtu anapoinua mkono kwa haraka, misuli ya sakafu ya nyonga huanza kufanya kazi hata kabla mkono haujainuka. Ni sehemu ya ulinzi wa uti wa mgongo. Mwaka 2018 ulichapishwa uchunguzi wa Kanada wa wanawake 182 wenye maumivu ya kiuno na nyonga: 95 kati ya kila 100 walikuwa na hitilafu fulani ya sakafu ya nyonga. Asilimia 71 waliumia misuli hiyo ilipoguswa, asilimia 66 misuli yao ilikuwa dhaifu. Uchunguzi huo uliwatazama mara moja tu, hivyo hauthibitishi kwamba sakafu ndiyo iliyoanzisha maumivu. Lakini jumlisha asilimia hizo mbili, zinapita mia. Maana yake wapo ambao misuli yao ilikuwa dhaifu na inauma kwa pamoja.

Hapo ndipo imani ya kubana inapovunjika. Kunja ngumi tangu asubuhi hadi jioni, kisha mtu akwambie uikaze zaidi. Hutakuwa na nguvu iliyobaki, na mkono utauma. Mpimaji asiye makini atasema mkono wako ni dhaifu, akupe mazoezi ya kukunja ngumi. Hicho ndicho wanachofanyiwa watu wanaoambiwa wabane mara mia kwa siku.

Mazoezi yenyewe yana historia inayosahauliwa. Arnold Kegel, daktari wa wanawake wa Los Angeles, aliyaeleza mwaka 1948 kwa ajili ya wanawake waliovujwa na mkojo baada ya kujifungua. Alitumia kifaa cha kupima shinikizo ili mwanamke aone kama anachokaza ni msuli unaotakiwa. Kwa mkojo unaovuja mtu akikohoa au akicheka, mazoezi hayo yanafaa, na ninayafundisha. Leo yameondolewa kipimo, yameondolewa sababu, yakasambazwa kwenye video za dakika moja kama dawa ya mgongo, ya ndoa na ya kila kitu. Katika utafiti wa mwaka 1991 wanawake 47 walielekezwa kubana kwa maneno tu, kisha wakapimwa. Waliofanya sawasawa walikuwa 23. Wengine 12 walifanya kwa namna ambayo ingeweza kuongeza tatizo la mkojo. Hao walikuwa na mtaalamu mbele yao.

Sasa shabu. Nitalisema bila kuzunguka: shabu haijawahi kukaza msuli wowote wa nyonga, na haitaweza. Ni chumvi ya alumini, ileile inayotiwa kwenye maji machafu ili tope litulie. Ikifika ukeni inasinyaza na kukausha utando wa juu. Mwanamke anahisi pamebana, na mume anaambiwa pamebana, lakini kilichobadilika ni ngozi laini iliyonyimwa unyevu wake. Msuli uko nyuma ya utando huo na shabu haiufikii. Utando mkavu unachanika wakati wa tendo la ndoa. Michubuko hiyo ni mlango wa maambukizi, virusi vya UKIMWI vikiwemo. Na mwili una kumbukumbu. Ukishaumia mara kadhaa, misuli ya sakafu huanza kukaza kabla ya kuguswa, kujikinga. Mwanamke aliyeanza bila tatizo la msuli anaishia nalo, na tendo linakuwa mateso. Baadaye kiuno kinaanza kuuma, mkojo unachoma, anaambiwa ana UTI sugu, anapewa dozi ya tatu na ya nne ya antibiotiki bila mkojo wake kuoteshwa maabara hata mara moja.

Nawaheshimu makungwi, na yapo mengi wanayowafundisha wari ambayo sisi wa hospitali hatuna muda wala lugha ya kuyafundisha. Hili waliache. Pamoja na shabu ziondoke ndimu, poda, vidonge vya kubana vinavyouzwa kwa siri na kujifukiza ukeni, ambako kunaunguza watu kweli.

Mkaja ni habari nyingine. Kukandwa kiuno kwa maji ya uvuguvugu kunatuliza, pumziko la arobaini ni jambo jema, na mkaja uliofungwa kwa wastani humpa mzazi faraja, hasa mwenye mshono. Ubaya ni ule mkaja unaovutwa na watu wawili. Tumbo likibanwa hivyo, shinikizo linatafuta njia, na chini kuna sakafu iliyotoka kunyooshwa au kuchanika. Kama huwezi kuvuta pumzi tumbo likapanda, umefungwa kupita kiasi. Legeza.

Basi ufanye nini? Kwanza ondoa ya hatari: ganzi kwenye sehemu unayokalia, mkojo kukataa kutoka, haja kubwa kutoka bila kujua, au miguu kuishiwa nguvu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Homa, jasho la usiku na kupungua uzito vinahitaji vipimo kabla ya mazoezi yoyote, kwa sababu kifua kikuu cha uti wa mgongo kipo kwetu. Kama hayo hayapo, acha kubana kwa sasa. Lala chali magoti yamekunjwa, vuta pumzi tumbo na mbavu zipanuke, na uache sakafu ishuke, kama dakika tano asubuhi na jioni. Piga magoti yakiwa yameachana, kalia visigino, lalia mbele, pumua hapo. Usiende haja ndogo kwa tahadhari kila unapopita mlango wa choo. Usisukume haja kubwa. Kwenye choo cha kukaa weka kigoda chini ya miguu, kula mbogamboga, kunywa maji. Tembea kila siku. Simama na kuketi kwenye kiti bila kushika, inua makalio ukiwa umelala chali, ukitoa pumzi kila unapojikaza. Mapaja na makalio yenye nguvu huipunguzia sakafu kazi isiyo yake. Maumivu yakitulia na ukapimwa ukakutwa na udhaifu, hapo kubana kunaingia: mikazo minane au zaidi, mara tatu kwa siku, ukiachia kabisa baada ya kila mmoja, kwa miezi mitatu angalau.

Kupimwa ndiko kunakokwepwa zaidi. Ukifika idara ya fiziotherapia, uliza waziwazi ni nani amefunzwa kupima sakafu ya nyonga. Hospitalini kwingi hayupo, na ni bora uelekezwe kwingine kuliko kukandwa mgongo mwaka mzima. Taja unavyokwenda haja, taja maumivu ya tendo la ndoa, taja ulivyojifungua, hata kama hukuulizwa. Kipimo cha ndani hufanywa kwa ridhaa yako, kwa kidole chenye glavu, na unaweza kumtaka ndugu au muuguzi awepo chumbani. Ukikataa, kazi inaweza kuanza kwa kutazama pumzi yako, nyonga zako na jinsi tumbo linavyofanya unapojiinua kitandani.