Kijana wa Kolwezi Atapataje Cheti cha Urubani?

Tarehe 17 Novemba 2025 ndege iliyomchukua Waziri wa Madini wa Kongo ilifika Kolwezi, na katika kutua ikatoka nje ya njia yake, kisha ikashika moto. Kwa rehema ya Mungu watu wote waliokuwamo walitoka wakiwa hai. Picha za moshi ule zilienea nchi nzima, na aliyeziona hakukosa kutikisa kichwa. Lakini sisi twaona ya kuwa kuogopa hakutoshi. Swali lifaalo ni hili: mtu hufundishwaje kuendesha chombo cha angani, ni nani athibitishaye kwamba ameweza, na je, mtoto wa Kolwezi, wa Likasi au wa Fungurume aweza kuipata elimu hiyo?

Watu wa Lualaba si wageni wa ndege. Mwaka 1925 Mbelgiji Edmond Thieffry aliondoka Brussels mwezi Februari, akafika Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, mwezi Aprili, baada ya siku 51. Mwaka 1961, wakati wa vita vya Katanga, uwanja wa Kolwezi ulitumiwa na ndege ya Fouga iliyowasumbua sana askari wa Umoja wa Mataifa. Mwezi Mei 1978 wazee wa mji waliwaona askari wa miavuli wa Ufaransa wakishuka kutoka angani kama mbegu za msufi. Tangu hapo migodi imeongezeka, na ndege pia. Basi watoto wetu wamezoea kuinua macho na kutazama. Mara chache tu wamewaza kwamba aliyeketi mbele kule juu aliwahi kuwa mwanafunzi mwenye daftari kama wao.

Kwanza tueleze jambo ambalo wazazi wengi hulichanganya. Vyeti vya urubani ni vingi, navyo hupandwa kama ngazi. Cha kwanza ni cheti cha rubani wa binafsi. Mwenye nacho aweza kurusha ndege ndogo, na aweza kumchukua ndugu yake au rafiki yake, ila haruhusiwi kupokea mshahara kwa kazi hiyo. Cha pili ni cha rubani wa biashara, na hicho ndicho kimpacho mtu haki ya kulipwa. Cha juu kabisa ni cha yule awezaye kuwa mkuu wa ndege kubwa ya abiria. Kijana arudiye nyumbani na cheti cha kwanza peke yake, akitumaini kuajiriwa na kampuni mwezi ujao, amejidanganya au amedanganywa.

Kanuni za vyeti hivi hazitungwi na kila nchi kama ipendavyo. Mwaka 1944 mataifa yalikutana Chicago yakafanya mapatano, na kutokana na mapatano hayo likazaliwa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, lenye makao yake Montreal huko Kanada. Shirika hilo laagiza kwamba mwombaji wa cheti cha binafsi awe na umri usiopungua miaka 17, awe amepimwa na daktari aliyekubaliwa, na awe ameruka saa zisizopungua 40, au 35 ikiwa amesoma katika shule iliyoidhinishwa kwa mpango maalumu. Katika saa hizo, 10 lazima aruke peke yake, bila mwalimu. Tena lazima afanye safari moja ya peke yake isiyopungua kilometa 270, akitua kabisa katika viwanja viwili mbalimbali. Kwa cheti cha biashara saa hupanda hata 200, au 150 katika mpango ulioidhinishwa; na kwa cheti cha juu ni 1,500.

Msomaji na aifikirie safari hiyo ya kilometa 270. Kutoka Lubumbashi hadi Kolwezi, kwa mstari wa ndege, ni kama kilometa 240. Mwanafunzi aondokaye Lubumbashi angefuata kwanza reli mpaka Likasi, kisha Tenke, ambako njia za reli huachana, halafu angeelekea magharibi, akiwa na ramani magotini na saa mkononi. Kwa kila alama hujiuliza: nimefika kwa dakika nilizohesabu, au upepo umenichelewesha? Mashimo makubwa ya migodi yangemsaidia, maana hayafanani na kitu kingine chochote. Na kama angepita Kolwezi bila kuiona, maji ya ziwa Nzilo na mkondo wa Lualaba vingemwambia amekwenda wapi. Hayo ndiyo yaitwayo kuongoza ndege kwa macho. Yanaonekana mepesi, lakini mwezi Agosti, moshi wa mioto ya porini unapofunika nchi, au Januari, mawingu ya radi yanapojipanga kama minara, rubani mwema ni yule awezaye kusema, “Leo siendi.” Walimu husema kwamba neno hilo ndilo gumu kuliko yote kufundisha.

Darasani nako kuna kazi. Mwanafunzi husoma sheria za anga, ujenzi wa ndege na injini, sababu zinazolifanya bawa liinuke, hali ya hewa, kuongoza njia, mizani ya mizigo na petroli, namna ya kusema kwa redio, hata udhaifu wa mwili wa binadamu: jinsi masikio yanavyoweza kumdanganya mtu ndani ya wingu akadhani yu wima, kumbe ameinama. Kijana aliyepuuza hesabu na fizikia katika sekondari ataona taabu hapo. Hatusemi lazima awe bingwa, ila pembe tatu, uwiano na vipimo vinamngoja mlangoni.

Sasa tuje kwenye vyuo vikuu. Huko Marekani vipo vyuo ambavyo kijana husomea shahada kama ya chuo chochote, na pamoja nayo hujifunza kuruka katika ndege za chuo. Mfano ujulikanao sana ni Chuo Kikuu cha North Dakota, mjini Grand Forks. Idara yake ya anga ilianzishwa mwaka 1968 na John Odegard, ikiwa na ndege mbili tu. Leo ni miongoni mwa kubwa kabisa katika nchi ile. Mwanafunzi huanza na cheti cha binafsi, kisha hujifunza kuruka kwa vyombo bila kuona nje, kisha cheti cha biashara. Wengi wao hubaki hapohapo wakiwafundisha wadogo wao, na hivyo hukusanya saa huku wakilipwa. Huko kuna desturi ya kuchekesha: mwanafunzi akisha kuruka peke yake mara ya kwanza, mwalimu humkata shati mgongoni na kulitundika ukutani. Yasemwa ya kuwa zamani, katika ndege zisizo na paa, mwalimu aliketi nyuma akamvuta mwanafunzi shati ili kumwonya. Aliyeruka peke yake hakuhitaji tena kuvutwa.

Mpango wa chuo kikuu una faida nyingine. Baada ya ajali ya ndege karibu na Buffalo mwaka 2009, ambayo iliua watu 50, Marekani iliongeza saa zinazotakiwa kwa marubani wa abiria zikawa 1,500. Lakini aliyemaliza shahada ya anga katika chuo kilichokubaliwa aweza kuruhusiwa akiwa na saa 1,000. Wakubwa wa nchi ile waliona kwamba masomo yaliyopangwa vizuri yana thamani ya saa nyingi za kuzungukazunguka hewani. Twadhani hawakukosea.

Hata hivyo liko jambo ambalo vitabu vya matangazo havimwambii kijana wetu. Grand Forks iko chini, kama mita 260 tu juu ya usawa wa bahari, na baridi yake ni kali. Kolwezi iko mita 1,500 na kidogo. Mwezi Oktoba, kabla ya mvua, joto likifika digrii 30, hewa ya Kolwezi huwa nyepesi kama hewa ya mahali penye mita 2,400. Kwa ndege ndogo hilo ni jambo zito. Injini hupata hewa haba ya kuchomea petroli, rafadha haishiki vema, na mabawa nayo yabebwa na kitu chembamba. Ndege hukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka, na ikisha kuinuka hupanda kwa uvivu. Watu wanne na matangi yaliyojaa, mzigo ambao ungechukuliwa bila shida asubuhi ya baridi huko North Dakota, mchana wa Kolwezi waweza kuwa msiba mwishoni mwa njia. Dawa yake ni kuondoka alfajiri, kupunguza mizigo, na kufuata majedwali ya kitabu cha ndege bila aibu, hata kama mjomba tajiri aliyekodi ndege anakasirika kuachiwa magunia yake chini.

Kwa sababu hiyo sisi twaona si lazima kutazama ng'ambo ya bahari kwanza. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko karibu mita 1,690. Ajifunzaye pale huijua hewa nyembamba tangu siku ya kwanza. Kapteni Irene Koki Mutungi, aliyeingia shirika la ndege la Kenya mwaka 1995 akiwa mwanamke wake wa kwanza kurusha ndege, na baadaye akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuwa mkuu wa ndege aina ya Boeing 787, alianza hapo Wilson kabla ya kwenda Oklahoma City kupata cheti cha biashara. Soroti, huko Uganda, kuna chuo kilichoanzishwa mwaka 1971 na Jumuiya ya zamani ya Afrika Mashariki. Na Addis Ababa, penye mita zaidi ya 2,300, shule ya shirika la ndege la Ethiopia imekuwa chuo kikuu cha anga, nacho hupokea vijana wa nchi nyingine za Afrika. Kwetu Lualaba na Katanga, Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina sifa ya kulea wahandisi wa madini. Anga bado si shamba lake.

Gharama ni kubwa. Hatutaki kuwaficha wazazi. Saa moja ya ndege hula petroli, matengenezo, bima na mshahara wa mwalimu, na saa 35 za kanuni ni kipimo cha chini tu. Wanafunzi walio wengi hupita hapo. Kwa hiyo kabla ya kuuza kiwanja au nyumba, baba na mama na wafanye mambo haya. Wampeleke kijana kwanza kwa daktari wa marubani, maana macho yasiyotambua rangi yaweza kuufunga mlango ambao ada imekwisha kulipwa. Waulize kama shule imeidhinishwa na serikali ya nchi ile, na waulize serikali yenyewe, si wakala aliyevaa tai. Wasilipe fedha zote kwa mara moja. Tena waulize mamlaka ya anga ya Kongo jinsi cheti cha nje kitakavyotambuliwa hapa, kwa kuwa cheti cha kigeni hakigeuki chenyewe kuwa cha Kongo. Na Kiingereza kisiachwe: rubani wa safari za kimataifa hupimwa ufasaha wake, na Kifaransa cha darasani hakitamtosha Nairobi wala Soroti.

Wengine watauliza, cheti cha binafsi, kisicho na mshahara, chafaa nini kwa Mkristo maskini? Mwaka 1925 mmisionari Otto Fuhrmann alikufa katika nchi iitwayo leo Namibia, kwa sababu safari ya kumfikisha kwa daktari ilikuwa ndefu mno. Rafiki yake, Padre Paul Schulte wa Shirika la Oblati, aliyekuwa rubani katika vita vya kwanza vya dunia, hakuusahau msiba ule. Mwaka 1927 akaanzisha chama cha kuwapatia wamisionari motokaa, mashua na ndege, kiitwacho MIVA, ambacho kazi yake yaendelea hata leo. Mwezi Mei 1936 alisoma Misa angani, ndani ya chombo kikubwa Hindenburg, juu ya bahari ya Atlantiki. Miaka 16 kabla yake, Baba Mtakatifu Benedikto XV alikuwa amekwisha kumweka Mama Yetu wa Loreto kuwa msimamizi wa wasafiri wa angani.

Naye Dakta Anne Spoerry, mzaliwa wa Ufaransa aliyekaa Kenya, alijifunza kuruka akiwa na umri wa miaka zaidi ya 40, si kwa kutafuta kazi ya shirika kubwa, bali kwa sababu wagonjwa wake walikuwa mbali. Alijiunga na madaktari warukao, ambao kundi lao lilianzishwa mwaka 1957, akatua katika viwanja vya vumbi vya kaskazini mwa Kenya na visiwa vya Lamu akiwa na dawa na chanjo nyuma ya kiti chake. Watu walimwita Mama Daktari. Aliendelea na kazi hiyo mpaka uzeeni, akafariki mwaka 1999.