Kwa nini nzi weupe huchagua kunde za kutagia

ANUNUAYE fungu la majani ya kunde sokoni hulitazama upande wa juu. Nzi mweupe huchagua upande wa chini, na uamuzi wake ndio unaomgharimu mkulima.

Mdudu huyo, ajulikanaye kitaalamu kama Bemisia tabaci, ana urefu wa milimita 1 hivi. Kila yai analotaga hushikizwa kwa kikonyo kinachozama ndani ya jani na kufyonza maji humo. Kinda akishaanguliwa hutembea mwendo mfupi tu, kisha hutulia mahali pamoja hadi anapoota mabawa. Kwa hiyo mama akikosea jani, watoto hawana pa kuhamia.

Nchini Brazil, ambako kunde zilifika kutoka Afrika enzi za biashara ya utumwa na sasa ni chakula cha kawaida kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo, watafiti wamelinganisha aina nyingi za zao hilo. Vyungu vya aina mbalimbali hupangwa pamoja, nzi huachiliwa, na baada ya siku chache mayai huhesabiwa kwa hadubini. Aina moja hukutwa imejaa mayai, jirani yake ikiwa na machache.

Vinyweleo vya jani vina sehemu yake, ingawa si kanuni moja kwa mimea yote. Pamba yenye majani ya manyoya kwa kawaida hutagiwa zaidi, ilhali nyanya za mwituni zenye vinyweleo vya kunata humfukuza mdudu. Umri wa jani nao huhesabika, kwani machipukizi hupendwa zaidi.

Lakini jaribio gumu ni la pili, pale nzi anapofungiwa na aina moja pekee. Aina iliyokataliwa awali mara nyingine hutagiwa bila kusita, na shamba la mkulima aliyepanda mbegu moja halina tofauti na kizimba hicho. Ndiyo maana wataalamu hutafuta pia kunde ambazo makinda hufa au huchelewa kukua juu yake.

Hata hivyo, mayai machache hayamaanishi usalama kamili. Nzi aliyebeba virusi vya batobato huweza kuambukiza mmea kwa kuufyonza tu, bila kutaga. Dawa nazo zimezoeleka kwa wadudu hawa katika nchi nyingi, na jani linalopuliziwa ndilo hilo hilo liendalo chunguni.